Theofilini: tembe ya pumu isiyotaka kuongezwa wala kuazimana

Wapo wakazi wa Kaunti ya Kilifi wanaoishi na pumu ambao kila asubuhi na kila jioni humeza tembe ya theofilini. Ni dawa ya zamani, na kwa aliyeitumia kwa miaka mingi imekuwa kama chumvi jikoni: ipo tu, haizungumzwi. Hapo ndipo hatari inapoanzia. Theofilini ni miongoni mwa dawa ambazo kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru hukaribiana mno. Mambo ya kawaida kabisa, kama dawa ya kuharisha iliyonunuliwa dukani, homa ya siku tatu au hata uamuzi mzuri wa kuacha sigara, yanaweza kumvusha mgonjwa kutoka upande mmoja hadi wa pili bila yeye kuongeza hata tembe moja.

Kwenye pakiti jina lake huandikwa Theophylline. Ndugu yake wa karibu ni aminofilini, ambayo ikishaingia mwilini hutoa theofilini ile ile, kwa hiyo mengi yanayoelezwa hapa yanaihusu pia. Zipo vilevile tembe zinazochanganya theofilini na dawa nyingine ya kifua katika kidonge kimoja. Mgonjwa anaweza kuwa anameza theofilini mara mbili kwa majina mawili tofauti bila habari. Tahadhari ya kwanza, basi, ni kusoma yale maandishi madogo yaliyo chini ya jina kubwa la kibiashara, au kumwomba mhudumu wa duka la dawa ayasome kwa sauti.

Msaidizi, si nguzo

Pumu ni ugonjwa wa njia za hewa. Kuta za njia hizo huvimba kwa ndani, misuli inayozizunguka hukaza, na makohozi mazito huziba nafasi ndogo iliyobaki. Moshi wa kuni na mkaa, vumbi, mafua, ukungu wa nyumba yenye unyevu na manyoya ya wanyama ni baadhi ya vichochezi vyake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na kwamba ugonjwa huo uliua watu 455,000 mwaka huo. Si ugonjwa wa kupuuzwa kwa sababu tu mgonjwa ameamka salama leo.

Kazi ya theofilini ni kulegeza misuli iliyokaza. Ni dawa ya ukoo mmoja na kafeini, na iligunduliwa katika majani ya chai mwaka 1888 na mwanasayansi Mjerumani, Albrecht Kossel. Asiwepo wa kuichukua habari hii na kuiacha dawa yake kwa ajili ya birika. Theofilini iliyomo katika kikombe cha chai ni kidogo mno kuweza kutibu pumu, hata chai iwe nzito namna gani.

Nguzo ya matibabu ya pumu ya muda mrefu ni inhela yenye steroidi, ile inayovutwa kila siku ili kupunguza uvimbe ndani ya njia za hewa. Theofilini haipunguzi uvimbe huo kwa kiwango kama hicho. Daktari huiongeza pale inhela zinapokuwa hazijatosha, au pale dawa bora zaidi hazipatikani. Mgonjwa aliyepewa inhela na tembe, kisha akaiweka inhela kabatini kwa kuwa tembe ni rahisi kubeba na haivutii macho ya watu kwenye matatu, amejiondolea kinga kubwa na kubaki na ile ndogo.

Imani kwamba inhela humzoesha mtu, au kwamba ni ya aliye mahututi, bado ina nguvu vijijini na mijini. Hesabu ndogo inatosha kuijibu. Mivuto miwili ya inhela ya kawaida ya salbutamoli ni mikrogramu 200 za dawa, nazo huenda moja kwa moja kifuani. Tembe moja ya salbutamoli ya miligramu 4 ni mikrogramu 4,000, yaani mara 20 zaidi, na inabidi izunguke mwili mzima, moyo ukiwemo, kabla ya kufika mapafuni. Kama kuna kinachoutwisha mwili mzigo, ni tembe.

Jambo jingine la kusisitizwa ni kwamba theofilini ya muda mrefu si dawa ya kuzima shambulio. Tembe hizi hutengenezwa zitoe dawa polepole kwa saa nyingi. Mtu anayepigania pumzi usiku wa manane akimeza ya ziada hapati nafuu wakati huo, ila anaweza kupata madhara baadaye. Kwenye shambulio, mgonjwa akae wima na avute inhela yake ya kufungua kifua kama alivyoelekezwa kliniki. Asipopata nafuu haraka, akishindwa kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja au midomo ikianza kuwa ya samawati, apelekwe hospitali bila kusubiri kupambazuke.

Bahasha iliyoandikwa 1×2

Kwenye bahasha za dawa za hospitali nyingi huandikwa alama kama 1×2. Maana yake ni tembe moja, mara mbili kwa siku. Si moja asubuhi na mbili jioni, wala si mbili kwa pamoja. Kwa dawa ya maumivu, kukosea kuisoma huenda kusilete balaa. Kwa theofilini, huko ni kuongeza dozi kwa nusu nzima au kuimeza yote kwa mkupuo. Mgonjwa ambaye hajaelewa alama hiyo ana haki ya kuuliza dirishani hadi aelewe, foleni iwe ndefu au fupi.

Tembe nyingi za kutoa dawa polepole humezwa kila baada ya saa 12. Aliyechagua saa moja asubuhi ameze ya pili saa moja jioni, na asizisogeze kwa kufuata ratiba ya kazi ya siku hiyo. Imezwe nzima kwa maji. Kuitafuna, kuisaga au kuikoroga kwenye uji ili mzee aimeze kwa urahisi huvunja ule utaratibu wa kutoa dawa kidogo kidogo, na dawa iliyokusudiwa nusu siku nzima huingia mwilini kwa mara moja. Baadhi ya tembe zina mstari wa kuzikata katikati, lakini zikatwe tu ikiwa mtaalamu wa dawa amesema zinakatika. Asiyeweza kumeza tembe nzima arudi aseme, maana zipo dawa za namna nyingine.

Kuhusu chakula, la muhimu ni kutobadilisha mazoea. Anayemeza baada ya kula afanye hivyo kila siku, kwa sababu baadhi ya tembe hizi hutoa dawa kwa kasi tofauti tumbo likiwa tupu na likiwa limejaa.

Aliyesahau tembe ya asubuhi na kukumbuka saa nne anaweza kuimeza. Aliyekumbuka saa kumi alasiri aiache na aendelee na ya jioni. Asimeze mbili kufidia.

Kisha kuna suala la kubadilishiwa pakiti. Tembe za theofilini huja kwa nguvu tofauti, kwa mfano miligramu 200, 300 au 400, na kampuni mbalimbali huzitengeneza kwa namna zao za kuachilia dawa. Duka likiwa halina ile ya kawaida na mhudumu akatoa nyingine "iliyo sawa", mgonjwa alinganishe miligramu kwanza, na kliniki ijulishwe. Njia ya kuepuka mtego huu ni kurudi kuchukua dawa zikiwa bado zimebaki za wiki moja, badala ya kungoja hadi tembe ya mwisho halafu kukimbilia duka lililo wazi.

Tangi na bomba lake

Ili kuielewa theofilini, inafaa kuwaza tangi la maji. Tembe za asubuhi na jioni ndizo maji yanayoingia. Ini ndilo bomba la kutolea, kwa kuwa ndilo linaloivunja dawa hii. Tangi likiwa chini mno, pumu hairidhiki. Likifurika, dawa inakuwa sumu. Kwa miaka mingi madaktari walilenga miligramu 10 hadi 20 katika kila lita ya majimaji ya damu, na wengi siku hizi huridhika na 5 hadi 15 kwa sababu nafuu hupatikana na madhara huwa machache. Kupita 20, madhara huongezeka. Kipimo hicho huhitaji maabara yenye vifaa maalumu, ambavyo si kila hospitali inavyo, na hilo ni sababu zaidi ya mgonjwa kujua mwenyewe ni nini kinachoweza kuliziba bomba.

Kinachoongoza kwa udanganyifu ni siprofloksasini, ambayo wengi huiita sipro. Hutumika kwa maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya matumbo na baadhi ya magonjwa ya kuharisha. Kisheria ni dawa ya kutolewa kwa cheti cha daktari, ila si siri kwamba wapo wanaoipata kwa kuitaja jina tu kaunta. Sipro hulizuia ini kuivunja theofilini. Mgonjwa anaendelea na 1×2 yake kama kawaida, hakuongeza chochote, lakini kiasi kilichomo mwilini kinapanda siku hadi siku. Erithromaisini, inayotolewa kwa maambukizi ya koo na kifua, hufanya vivyo hivyo, na klarithromaisini pia. Simetidini ya vidonda vya tumbo imo kwenye orodha, pamoja na vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni. Hakuna anayemkataza mgonjwa wa pumu kutibiwa koo au kupanga uzazi. Anachotakiwa ni kusema maneno matatu kabla ya kupokea dawa yoyote mpya: "Mimi natumia theofilini." Mara nyingi ipo dawa mbadala, na isipokuwepo dozi hupunguzwa kwa muda.

Homa kali inayodumu zaidi ya siku moja nayo hulipunguzia ini kasi, iwe ni ya malaria au mafua mazito. Ini lenye maradhi na moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri hufanya hivyo pia, na baada ya umri wa miaka 60 wengi huhitaji dozi ndogo kuliko walivyohitaji ujanani. Bibi aliyeandikiwa dozi yake miaka kumi iliyopita na hajawahi kuangaliwa upya anastahili kuangaliwa upya.

Kuna pia vinavyolipanua bomba. Moshi wa sigara na wa bangi hulifanya ini liivunje theofilini haraka zaidi, kwa hiyo mvutaji mara nyingi huandikiwa dozi kubwa. Siku anayoacha kuvuta, na anapaswa kuacha kwa sababu moshi huiharibu pumu kuliko dawa inavyoweza kuitengeneza, bomba huanza kurudi kwenye upana wake wa kawaida. Baada ya takriban wiki moja dozi ile ile inaweza kuwa nyingi mno. Anayekusudia kuacha aitaje siku hiyo kliniki mapema ili dozi ishushwe.

Rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, nayo hulipanua bomba. Wakati wa matibabu ya TB pumu inaweza kuzidi kwa sababu theofilini inaisha mwilini upesi, na daktari huenda akapandisha dozi. Mtego upo mwishoni. Mgonjwa akimaliza dawa za TB na kubaki na dozi iliyopandishwa, tangi litafurika. Dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini zina tabia hiyo hiyo ya kuishusha theofilini, na ritonaviri, inayopatikana katika baadhi ya mchanganyiko wa dawa za kudhibiti virusi vya Ukimwi, inaweza kufanya hivyo pia. Hizi zote ni dawa zinazotolewa katika vyumba tofauti vya hospitali moja, na daftari la kliniki moja si lazima lionekane katika nyingine. Njia rahisi ni mgonjwa kubeba pakiti zote kwenye mfuko mmoja kila anapokwenda.

Kahawa tungu ya barazani, vinywaji vya kuongeza nguvu, miraa na muguka havizibi bomba kama sipro, lakini vyote huuchangamsha moyo na kuondoa usingizi, sawa na theofilini yenyewe. Kikombe kimoja cha kahawa si tatizo kwa walio wengi. Kukesha na muguka huku mwilini mna theofilini ni kuusukuma moyo kutoka pande mbili.

Dawa mbili nyingine zitajwe hapa ingawa kosa lake ni tofauti. Propranololi, inayotolewa kwa shinikizo la damu na mapigo ya moyo, inaweza kuzibana njia za hewa za mwenye pumu. Aspirini na jamaa zake kama ibuprofeni huwaletea baadhi ya wagonjwa shambulio. Aliyewahi kubanwa kifua baada ya kumeza dawa ya maumivu aliseme hilo kila anapotibiwa.

Kutapika kunakoendelea ni ishara

Katika siku za mwanzo, kichefuchefu kidogo, kuumwa kichwa au usingizi kuwa mwepesi huweza kutokea na kupungua. Ndiyo maana daktari huanza na dozi ndogo na kuipandisha taratibu. Hali ni nyingine kabisa pale mtu aliyekuwa sawa kwa miezi anapoanza kutapika bila kukoma, mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio au kuruka mapigo. Katika eneo lenye malaria, wa kwanza kulaumiwa ni mbu, na mgonjwa huongezewa dawa nyingine juu ya ile inayomdhuru. Kwa anayetumia theofilini, kutapika kwa namna hiyo kuchukuliwe kuwa ni dozi iliyozidi hadi mtaalamu aseme vingine. Asimeze tembe inayofuata. Aende hospitali siku hiyo hiyo, akiwa na pakiti zote.

Kiwango kikipanda sana, mtu anaweza kupata degedege kama la mwenye kifafa, au mapigo ya moyo kuvurugika kiasi cha kuua. Lililo gumu zaidi ni kwamba degedege hilo wakati mwingine huja bila kutanguliwa na kutapika.

Mfungo na ujauzito

Mwezi wa Ramadhani huleta swali la kila mwaka. Kati ya futari na daku hapa pwani ni kama saa kumi tu, na mchana unaobaki ni kama saa kumi na nne, kwa hiyo utaratibu wa kila saa 12 hauwezi kufuatwa barabara. Wapo ambao daktari atawaruhusu kumeza wakati wa futari na daku, wapo atakaowabadilishia dawa, na wapo ambao pumu yao haijatulia kiasi cha kufunga, nao mgonjwa ana ruhusa yake katika dini. Mazungumzo hayo yafanyike mwezi wa Shaabani. Kinachopaswa kuepukwa ni kumeza tembe mbili wakati wa daku ili "zishike mchana kutwa".

Mjamzito asiache dawa ya pumu kwa hofu ya kumdhuru mtoto, kwa kuwa pumu isiyodhibitiwa humnyima mtoto hewa. Aitaje theofilini katika ziara ya kwanza ya kliniki ya wajawazito, kwani miezi ya mwisho mwili huiondoa dawa hii polepole zaidi na dozi inaweza kuhitaji kushushwa. Anayenyonyesha akiona mtoto halali na ana mhaka usio wa kawaida, amweleze muuguzi.

Wakazi ambao hawajajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, wanaweza kufanya hivyo kwa kupiga *147#, au kuomba msaada wa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chao.

Mahali pa kuziweka tembe hizi ni juu, pakavu, mbali na jua na mbali na mikono ya watoto. Mtoto akizimeza, hata kama ni chache na hata kama bado anacheza, apelekwe hospitali mara moja. Tembe za kutoa dawa polepole zinaweza kukaa saa nyingi kabla ya dalili kuonekana. Asilazimishwe kutapika na asipewe maziwa wala mafuta. Pakiti ichukuliwe pamoja naye, na anayempeleka akadirie tembe ngapi zimepungua na ni saa ngapi zilipomezwa, kwa kuwa hayo ndiyo maswali mawili ya kwanza atakayoulizwa mapokezi.